Bwana Harusi Asiyehesabiwa

Mchana mmoja wa mwisho wa kiangazi Hyeon Eul-saeng alipitiwa na usingizi barazani kwake, kichwa amekiegemeza kwenye gunia la vitunguu saumu vya mbegu, akamwona kaka yake Du-gil amesimama juu ya kilima. Alikuwa vilevile kama anavyomjia siku zote: kijana wa miaka kumi na tisa, suruali ya katani imemfupika, mwanzi mrefu ameushika kwa mikono miwili, umesimama wima. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila bahari, na bahari yenyewe ilikuwa imepanda hadi usawa wa mabega yake, imetulia, kama shuka la buluu lililoanikwa.

"Mikono haijachoka?" Eul-saeng alimwuliza. Ndotoni yeye ni bibi mwenye mvi na kaka yake mkubwa ni mtoto wa juzi, na hakuna kati yao anayeshangaa.

"Imechoka. Lakini huku juu kuna upepo mzuri," Du-gil alisema, akacheka na lile jino lake lililomeguka pembeni.

Alitaka kumwambia ashuke, chakula kiko tayari. Kabla hajafungua kinywa akasikia mtu anagonga mawe ya ukuta wa uwanja.

"Shangazi! Umelala au umekufa?"

"Nimekufa. Acha ulicholeta hapo mlangoni uende zako."

Alikuwa Mun Gi-hwa, mwenyekiti wa kijiji cha Saemigol. Kwapani alibana boksi la vile vichupa vidogo vya kahawia, vinywaji vya vitamini, ambavyo watu huja navyo wanapokuwa na neno gumu la kusema. Eul-saeng aliliangalia boksi, akajiinua, akamsogezea mgeni mkeka.

"Sema," alisema. "Boksi kubwa hivyo, lazima ni jambo baya."

Gi-hwa alikaa. Akafungua kichupa kimoja akanywa yeye mwenyewe.

"Ni habari ya jiwe, shangazi."

Kijiji kilikuwa kimeomba fedha za kusimamisha jiwe njia panda, jiwe la majina ya wote waliouawa msimu ule wa theluji, wanajeshi walipopanda kutoka pwani na kuvichoma vijiji vya juu kimoja baada ya kingine. Kwa miaka hamsini habari hiyo haikusemwa kwa sauti pale kisiwani Jeju. Saemigol yote iliwatambikia watu wake siku moja, maana walikufa siku moja; harufu ya samaki wa kuchoma ilitoka kila nyumba, na kesho yake watu wakaenda mashambani kama kawaida, hakuna aliyemwuliza mwenzake analilia nani. Sasa kusema kulikuwa kumeruhusiwa. Ofisi ilifunguliwa mjini, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuhesabu. Mtu aliyekubaliwa kuwa mhanga aliingia katika hesabu, na kibao chake cha mbao chenye jina kikawekwa katika ukumbi mkubwa, pamoja na maelfu ya wenzake.

Lakini hesabu nayo ilikuwa na maadui. Walikuwapo waliosema imevimbishwa, na walikuwapo waliosema haijafika hata nusu. Wazee waliowahi kuvaa sare walipeleka malalamiko kwamba katika waliohesabiwa wamo watu wa mlimani, wale waasi waliopanda Mlima Halla na bunduki zao, na kwamba mtu wa mlimani hawezi kuitwa mhanga.

"Kaka yako wamemtaja," Gi-hwa alisema. "Wanasema alikuwa mlinzi wao. Kwenye kilima. Na mwanzi."

Eul-saeng alikuwa akichambua vitunguu, anatenga vilivyooza.

"Tuna watu sabini na mmoja," Gi-hwa aliendelea. "Ofisi inasema jina moja likiwa na doa, hela ya jiwe lote inasimama. Sabini wanamngoja mmoja."

"Wamengoja miaka hamsini. Hao hawana haraka."

"Wao hawana. Walio hai ndio wanaondoka. Mama yangu yuko tisini, shangazi. Kila asubuhi ananiuliza, jiwe limesimama? Anataka alishike jina la baba kwa mkono wake. Nimwambie nini?"

Hapo Eul-saeng aliacha vitunguu. Alimjua mama huyo; walitorokea pamoja korongoni, wakalala chini ya blanketi moja.

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Njia ni mbili. Umtoe mwenyewe, kimyakimya. Au uende mjini wakuulize, useme alikuwa anachunga ng'ombe."

"Alikuwa na ng'ombe?"

"Shangazi," Gi-hwa alisema kwa upole, "miaka ile nani hakuwa na ng'ombe?"

Alipoondoka aliviacha vichupa vyote, hata kile alichokunywa.

Ukweli ni kwamba ng'ombe wa akina Hyeon walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, mara na hawa, mara na wale. Du-gil alichokuwa nacho ni mwanzi. Watu wa mlimani ndio waliokuja wakasema kila kijiji kiweke kijana juu ya kilima. Mwanzi ukisimama, njia ni shwari. Ukilazwa chini, wanajeshi wanakuja, kimbieni. Kama alikubali kwa moyo au kwa woga, Eul-saeng hakujua. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, alichojua ni kumpelekea viazi vitamu vya kuchemsha. Vijana wote walikuwa wakipokezana pale. Wengine walikwenda wakiimba, wengine wakilia.

Asubuhi ile mwanzi ulilala. Waliouona wakakimbilia korongoni. Waliochelewa, au waliorudi kuchukua mtoto, mzee, au chungu cha nafaka, hao ndio majina ya jiwe. Na Du-gil, aliyebaki kilimani hadi mwanzi uonekane na nyumba ya mwisho, hakupatikana tena. Theluji ilipoyeyuka walikuta kiatu chake kimoja, cha majani.

Baadaye, Eul-saeng alipokuwa tayari ana watoto wake, Du-gil alianza kumjia mama yao ndotoni, anakaa mlangoni bila kusema, ana umande nyweleni. Mama akasema, "Anataka mke." Ndivyo ilivyo kisiwani, mtu akifa mseja hatulii, hutafutiwa mwenzake aliyekufa mseja naye. Akina Yang, nyumba ya chini ya kisima, walikuwa na binti yao, Jeong-nyeo, aliyerudi asubuhi ile kumchukua bibi yake aliyekuwa hawezi kutembea. Wazee wakakutana, wakabadilishana zawadi, wakachoma nguo za harusi za karatasi. Mama mganga akawaita maharusi kwa ngoma ya shaba. Mifupa ya bibi harusi ililazwa upande mmoja wa kaburi, na upande wa pili, kwa kuwa bwana harusi hakuwa na mwili, ikalazwa fulana na kile kiatu. Ukuta wa mawe meusi ukazungushwa, ukaachwa na matundu mawili ya kupitia roho, la kushoto la mume, la kulia la mke. Tangu siku hiyo Du-gil hakumjia tena mama. Alianza kumjia Eul-saeng, nywele kavu, mchangamfu.

*

Mwezi wa nane ulipoandama, kisiwa kizima kilitoka kufyeka makaburi. Mashine zilinguruma kila upande wa kilima, na harufu ya nyasi mbichi ilijaa barabarani hadi ndani ya mabasi. Eul-saeng alikuwa akifyeka kwa mundu, taratibu, alipomsikia Yang Chang-bo anakuja na mashine begani. Huyu alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu Jeong-nyeo, mtu wa miaka hamsini na zaidi, mkulima wa machungwa, mwenye sauti inayofika kabla yake.

"Shangazi, mundu huo ni wa kunyolea ndevu? Sogea, nimalize kabla hujazikwa na wewe."

"Fyeka upande wa shangazi yako. Upande wa kaka yangu niachie."

"Kwani amenikataa?"

"Anaogopa kelele."

Chang-bo alicheka, lakini si sana. Alifyeka kaburi lote, pande zote mbili, akazima mashine, akakaa juu ya ukuta. Eul-saeng alimmenyea chungwa. Upepo ulikuwa umelala na mbali chini bahari iling'aa hadi mtu asingeweza kusema maji yanaishia wapi.

"Gi-hwa kaniambia," Chang-bo alisema. "Shangazi, nitasema wazi, usinikasirikie. Mume huyu wa shangazi yangu amenigharimu. Unakumbuka nilivyotaka kwenda kufanya kazi ya ujenzi Saudia? Vijana wote walikwenda, wakarudi wakajenga nyumba za ghorofa. Mimi nikanyimwa pasipoti. Nikauliza kwa nini. Wakasema, kwenye ukoo wenu kuna mtu wa mlimani. Nikasema, yupi? Wakasema, mume wa shangazi yako. Nikasema, bwana wee, huyo ameoa mwaka jana tu! Alioa akiwa amekwisha kufa!"

Eul-saeng alicheka hadi akashika mbavu. Hakutaka kucheka, lakini alicheka.

"Cheka tu. Polisi hakucheka. Aliniuliza, alikufa ndiyo akaoa, au alioa ndiyo akafa? Nikaona hapa nikijibu nitalala ndani."

"Sasa unataka nini, Chang-bo? Waachane?"

"Akitolewa kwenye hesabu, ndiyo. Nitamchukua shangazi yangu, nimlaze kwenye makaburi ya kwetu." Alisema bila ukali, akiangalia chungwa mkononi. "Yeye hana doa. Amehesabiwa kama binti Yang. Leo wanamtoa mume, kesho watasema na mke atoke. Nina mjukuu sasa. Sitaki naye aulizwe maswali ya harusi ya maiti."

"Miaka yote hiyo hawajagombana hata siku moja. Nani atawaambia?"

"Mama mganga atawaambia. Nitamlipa vizuri aseme kwa adabu." Akamgeukia. "Lakini haitafika huko. Wewe nenda kaseme ng'ombe. Mimi nitakuja nawe, nitasema mama aliniambia hivyohivyo, Du-gil mchunga ng'ombe. Mama hayupo, hatanikana. Akibaki kwenye hesabu, ndoa inabaki, jiwe linasimama, mama yake Gi-hwa analishika. Ng'ombe tu, shangazi. Hata huhitaji kusema alikuwa na rangi gani."

Eul-saeng aliweka kipande cha chungwa juu ya kaburi, upande wa kushoto, na kingine upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi kaburi lilivyo dogo. Kumtoa mmoja kungekuwa kama kumtoa mtu kitandani.

"Nitasema ng'ombe," alisema.

Ndotoni, siku zilizofuata, alijaribu kumwambia Du-gil. Kila alipopanda kilima alikuta nyasi zile zenye vishungi vyeupe zimeota zikampita kimo, zinayumba kama theluji inayokataa kuanguka, na ncha ya mwanzi aliiona kwa mbali tu. Aliita, "Kaka, tutasema ulikuwa unachunga!" Upepo uliichukua sauti. Ng'ombe mmoja mweusi alipita karibu naye, akamtazama, akaenda zake.

*

Chumba walichoulizwa kilikuwa na dirisha kubwa na meza yenye kitambaa cha kijani. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, Song, mwenye mafua. Aliomba radhi kila alipopiga chafya. Chang-bo alikaa kiti cha nyuma, amevaa suti ya harusi za wanawe.

"Mama, usiogope," ofisa Song alisema. "Sikukuita kukuhukumu. Nataka tu kumbakisha kila anayeweza kubaki. Siku ile kaka yako alikuwa wapi?"

"Kilimani."

"Akifanya nini?"

"Akichunga ng'ombe."

Neno lilikuwa jepesi kuliko alivyotarajia. Lilitoka kama mbegu ya chungwa. Chang-bo alikohoa nyuma yake kwa kuridhika. Ofisa aliandika, akapumua, akatabasamu na pua yake nyekundu.

"Vizuri. Basi limebaki moja." Alifunua karatasi. "Wenye malalamiko wana mashahidi wawili, na watu wa kijijini kwenu pia wanakubali, kwamba asubuhi ile mwanzi ulikuwapo kilimani na ulilazwa. Kwa hiyo kama hakuwa kaka yako, alikuwa mwingine. Kuna jina lingine lililotajwa." Akasoma. "Go Pan-su. Je, ni yeye aliyekuwa na mwanzi?"

Eul-saeng alimwona Pan-su mara moja, kana kwamba ameingia mlangoni. Pan-su aliyekuwa hasemi vizuri, aliyekuwa akimfuata Du-gil kila mahali kama mbuzi, aliyekuwa akiwachongea watoto filimbi za majani ya shayiri. Hakuwa na ndugu aliyebaki. Aliingia kwenye hesabu kwa sababu mama yake Gi-hwa alimkumbuka na kumwandikisha pamoja na mumewe.

"Kwani yeye hajahesabiwa?" Eul-saeng aliuliza.

"Amehesabiwa. Lakini kama mwanzi ulikuwa wake..." Ofisa hakumaliza. "Mama, si mimi niliyeweka kanuni. Mwanzi lazima uwe mkononi mwa mtu."

Nje ya dirisha wafanyakazi walikuwa wakifagia majani, na fagio zilikwenda taratibu sana, kama makasia. Nyuma yake Chang-bo alisogea kitini.

"Kubali, shangazi," alinong'ona. "Pan-su hana mtu."

Na kwa kweli hana mtu, Eul-saeng aliwaza. Ndiyo maana itakuwa rahisi. Hakuna atakayekuja kwa basi kumsemea, hakuna mwenye kaburi lake. Atatoka ukumbini kama moshi, na Du-gil atakaa mahali pake, amekaa vizuri, ana mke, ana jina. Kisha kila nitakapolala mchana nitakuta wawili pale kilimani, na sitajua nimwangalie yupi.

"Hakukuwa na ng'ombe," alisema.

Ofisa Song aliinua kichwa.

"Futa ng'ombe. Mwanzi ulikuwa wa kaka yangu. Zamu ilikuwa yake. Niliondoka kumpelekea viazi asubuhi, nikamkuta ameushika. Pan-su alikuwa nyumbani kwao, amelala, alikuwa na homa. Kaka yangu aliniambia, Eul-saeng, weka viazi hapo, kimbia, usigeuke. Nikageuka. Nikamwona anaulaza. Hakuutupa. Aliulaza chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akauinua akaulaza tena, kwa sababu nyumba za chini ya kisima zilikuwa hazijaona." Alivuta pumzi. "Nyumba ya akina Yang ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuona. Niliona mwanamke anatoka mbio, ana mimba kubwa, ameshika tumbo hivi kwa mikono yote miwili. Nyuma yake alitoka wifi yake, kisha yule wifi akarudi ndani. Mwanamke akaja korongoni. Alijifungua majira ya kuchipua."

Hakugeuka kumtazama Chang-bo. Alitazama kitambaa cha kijani.

"Mama," ofisa alisema polepole, "unaelewa nikiandika hivi, nitalazimika..."

"Andika."

"Naweza kuandika kwamba alilazimishwa."

"Sijui kama alilazimishwa. Ningejua ningekwambia. Nilimpelekea viazi tu."

Ofisa Song alipiga chafya, hakuomba radhi safari hii. Akamgeukia Chang-bo. "Na wewe, ndugu? Umeandikishwa kama shahidi. Una la kuongeza?"

Chang-bo alisimama. Suti ilimbana mabegani. Alifungua kinywa, ile sauti yake kubwa haikutoka.

"Mimi nilikuwa tumboni," alisema. "Sina la kusema."

Kwenye basi la kurudi alikaa viti vya mbele, peke yake. Eul-saeng alikaa nyuma, akafumba macho. Du-gil hakuja. Kulikuwa na kilima tu, na nyasi nyeupe.

*

Hyeon Du-gil alitolewa kwenye hesabu kabla ya mavuno ya machungwa. Kijana wa ofisini alileta kibao chake kimefungwa kwa kitambaa cheupe, akainama sana, akakataa chai. Eul-saeng alikiweka kabatini karibu na redio. Fedha za jiwe zilitoka. Mwenyekiti Gi-hwa alikuja na boksi jingine la vichupa, akaliweka barazani, akaondoka.

Kila asubuhi Eul-saeng alisikiliza kama mashine au jembe linasikika upande wa makaburi. Alishona foronya mbili ndogo za katani, moja ya kumfungia wifi yake mifupa atakapochukuliwa, aondoke kwa heshima. Ya pili hakujua ameishona kwa nini. Asubuhi moja ya baridi Chang-bo akatokea uwanjani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupiga kelele.

"Umekuja na jembe?" Eul-saeng alimwuliza.

"Nimekuja na njaa."

Alimpakulia wali wa shayiri na supu ya mwani. Alikula akiwa ameinamisha kichwa, kijiko baada ya kijiko, akaomba tena.

"Mama hakuniambia," alisema mwishowe. "Alikuwa akisema tulikimbia. Nikimwuliza mlijuaje, anasema tulijua tu." Akafuta mdomo. "Miaka yote hiyo namtukana mtu kwa ajili ya pasipoti."

"Hakusikia. Anaogopa kelele, nilikwambia."

"Shangazi, mchonga mawe alinipigia simu. Anauliza shangazi yangu amchonge vipi."

Eul-saeng alielewa swali. Saemigol ina desturi yake, na hata jiwe lilipaswa kuifuata. Mwanamume huchongwa kwa jina lake. Mtoto mchanga aliyekufa hajapewa jina huchongwa mtoto wa fulani. Msichana huchongwa jina lake pamoja na binti wa fulani, na aliyeolewa, mke wa fulani.

"Ofisini ameandikwa binti Yang," Eul-saeng alisema. "Mwache hivyo. Umesema mwenyewe, una mjukuu."

"Ninaye. Anaanza kusema. Juzi kaniita babu kwa sauti ya kunguru." Chang-bo alilisukuma bakuli. "Nimemwambia mchonga mawe, huyo ni mke wa mtu. Nikaenda kwa Gi-hwa. Gi-hwa akanijia juu: unataka kutuharibia, wataisimamisha tena hela! Nikamwambia, mwenyekiti, nimeongeza mtu? Hesabu. Akahesabu. Sabini. Nikamwambia, hesabu tena kutoka chini. Akahesabu kutoka chini. Sabini. Akanitazama, akasema, Chang-bo, una kichwa kama cha ng'ombe. Nikamwambia, hapana, ng'ombe tulimfuta."

Eul-saeng hakucheka. Alinyanyuka kwenda jikoni kumletea maji, akakaa huko kitambo, na Chang-bo hakumwita.

Jiwe lilisimamishwa siku ya upepo. Walikuja watu wa kijiji, na wengine waliohamia mjini zamani, na kutoka ofisini alikuja ofisa Song na bwana mmoja mnene aliyepangiwa kusoma majina kwa kipaza sauti. Mama yake Gi-hwa aliletwa kwa kiti cha magurudumu hadi karibu kabisa. Alilipata jina la mumewe kwa kidole, akalifuata mstari kwa mstari kama anayepapasa uso. Eul-saeng alisimama nyuma ya wengine. Alikuwa amejiambia asitarajie kitu. Kaka yake hakuhesabiwa. Hilo halikubadilika, na lilimwuma palepale lilipokuwa likimwuma. Sabini ni sabini.

Bwana mnene alisoma vizuri, bila haraka. Go Pan-su, alisoma. Mtoto wa Mun Sang-jo, alisoma, na mwingine, mtoto wa Mun Sang-jo. Akafika safu ya akina Yang.

"Yang Jeong-nyeo," alisoma, "mke wa..."

Akasita. Akaikaribia karatasi, kisha akaliangalia jiwe kama litakuwa limesema tofauti. Akamgeukia ofisa Song. Ofisa Song alikuwa ametoa leso, anapangusa pua, anaangalia kilimani, na hakuonekana kama mtu anayekusudia kuangalia kwingine. Ilikuwa lazima kusoma kama ilivyochongwa.

"Mke wa Hyeon Du-gil," bwana yule alisoma, akaendelea na jina lililofuata.

Eul-saeng alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwa mgeni, wala kwa sauti kubwa kiasi hicho. Kipaza sauti kililitupa juu ya paa, upepo ukalipokea. Alilisikia linakwenda, juu ya mashamba ya vitunguu saumu, juu ya kuta nyeusi, likipita kisimani na nyumba za chini, polepole, kama kitu kisicho na uzito, hadi nyasi za kilimani zikainama na kuinuka. Watu wote walikuwa wamesimama pale njia panda, wazee na watoto, makoti yakipepea, wamelisikia. Hakuna aliyekimbia.